Barua ya Wazi: Spana ya Mtungi wa Oksijeni Haijulikani Iliko

KWA: Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti
NAKALA: Afisa Mkuu wa Afya, Msimamizi Mkuu wa Hospitali, Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti

MINTARAFU: HALI YA IDARA YA DHARURA NA MAFUNZO YA WAHUDUMU WAKE

Mheshimiwa,

Pokea salamu zetu kwa heshima. Tunaokuandikia ni wauguzi, matabibu na madaktari wa kasualti, yaani idara za dharura, za hospitali za umma huku magharibi mwa Kenya, na yaliyomo humu si mageni mezani pako. Yamekufikia mara mbili kwa barua za kawaida kupitia kwa msimamizi wa hospitali, na mara moja katika kikao ambacho kumbukumbu zake hazijasambazwa hadi leo. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mwaliko wa semina ya siku mbili hotelini. Ndiyo maana sasa tunasema mbele ya watu. Hatutaji hospitali wala kaunti, kwa kuwa yeyote anayefanya kazi hii kuanzia Nakuru hadi Busia atadhani tumeandika juu ya kwake.

Hatuombi jengo jipya wala mashine ya CT. Malalamiko yetu ni ya saa ya kwanza ya mgonjwa. Katika saa hiyo kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha bei ndogo, au mtu anayejua kilipowekwa.

1. Foleni inaanzia mahali pasipofaa

Mgonjwa akiingia, kituo cha kwanza ni dirisha la rekodi. Cha pili, anaangaliwa kama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali. Cha tatu ni malipo. Muuguzi ni wa nne. Mtoto wa degedege huokolewa na ukemi wa mama yake, kwani kelele hufungua mlango. Anayekufa kimya hana wa kumpigia ukemi. Mzee ambaye sukari yake imeshuka hadi milimoli 1.8 kwa lita anadhaniwa amelewa. Kijana aliyepasuka wengu kwenye ajali ya boda boda anakaa kwenye benchi akijibu maswali vizuri, mapigo yake ya moyo ni 130 kwa dakika, na hakuna aliyeyahesabu.

Shirika la Afya Duniani, Madaktari Wasio na Mipaka na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wana utaratibu wa pamoja wa kupanga wagonjwa kwa rangi tatu: mwekundu anaonwa papo hapo, manjano anafuata, kijani anaweza kungoja. Unahitaji muuguzi mmoja, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, mashine ya presha, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na mashine ya sukari yenye stripu zake. Mgonjwa mmoja humaliza dakika chache. Muuguzi huyo anapaswa kuketi kabla ya dirisha la rekodi, mchana na usiku, na asiitwe kwenda kuziba pengo wodini. Bango la rangi tunalo tayari ukutani, limebandikwa vizuri sana. Kiti kilicho chini yake ni kitupu.

Na tukumbushane sheria, maana kuna karani aliyeagizwa asimpitishe mtu bila risiti. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inaeleza kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia uhamisho pale hospitali isipoweza. Karani hana kosa. Aliyemwagiza ndiye anayepaswa kusoma kifungu hicho.

2. Kifaa kilicho kwenye orodha lakini hakifanyi kazi

Hapa tunaomba uvumilivu, kwa sababu ripoti zinazokufikia huonyesha kwamba vifaa vipo.

Oksijeni. Ripoti husema "mitungi 4, konsentreta 2". Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, hutegemea stima. Stima ikikatika, mgonjwa anabaki na mpira puani usiopitisha kitu mpaka jenereta iwake, au mpaka mtungi ufunguliwe. Mtungi mkubwa hufunguliwa kwa ufunguo wake, na rejeta, kifaa cha kupunguza presha ya gesi, hukazwa kwa spana. Spana ni moja kwa hospitali nzima. Wakati mwingine iko wodi ya watoto, wakati mwingine iko mfukoni mwa mhudumu aliyekwisha kutoka zamu. Spana kama hiyo haifikii gharama ya chai ya saa nne ya semina ile. Nunueni tano, kila moja ifungwe kwa mnyororo kwenye mtungi wake, na suala hili liishe.

Konsentreta yenyewe ina kichujio cha nje kinachopaswa kuoshwa kwa maji na sabuni kila wiki na kukaushwa kabla ya kurudishwa. Kisipooshwa, mashine inapata joto, na hewa inayotoka huwa oksijeni duni huku kipimo cha mtiririko kikionyesha lita 5 vilevile. Shirika la Afya Duniani linataka oksijeni ndani ya hewa hiyo isishuke chini ya asilimia 82. Bila kifaa cha kuipima, kigololi ndani ya kioo cha kipimo cha mtiririko hakikwambii lolote. Fundi wa mashine za hospitali anacho kifaa hicho, au anapaswa kuwa nacho, lakini hana ratiba ya kupita kasualti.

Ambu, yaani mfuko wa kumpumulisha mgonjwa. Tunazo. Moja haina mfuko wa akiba nyuma, kwa hiyo oksijeni inayomfikia mgonjwa hupungua hata kama mtungi umefunguliwa hadi mwisho. Nyingine ilioshwa, ikafungwa valvu upande usio wake. Kosa hilo hugunduliwa kwa sekunde 5: ziba mdomo wa valvu kwa kiganja, bonyeza mfuko, ukinywea bila ukinzani, kuna mahali panapovuja. Sekunde hizo 5 zinafaa zitumike mwanzoni mwa zamu. Kwetu hutumika kifuani pa mtoto. Barakoa za saizi za watoto wachanga zimefungiwa kwenye kabati la wodi ya uzazi.

Mashine ya kufyonza makohozi, damu na matapishi. Injini inanguruma, chupa haivuti, kwa sababu mpira wa kifuniko umepasuka. Mpira tu. Pampu ya kukanyaga kwa mguu, isiyohitaji stima, ingekaa chini ya kitanda ikingoja siku kama hiyo.

3. Dawa zihesabiwe kwa mgonjwa, zisihesabiwe kwa boksi

Stoo husema "atropini ipo". Ipo kiasi gani? Huku kwenye mashamba ya miwa, mahindi na mboga, sumu ya kunyunyizia wadudu ni ajali ya kila msimu, na wapo wanaoinywa kwa makusudi. Mtu mzima aliyekunywa sumu ya jamii ya oganofosfeti huanzishiwa miligramu 1 hadi 3 za atropini, na dozi huongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka mapafu yakauke, mapigo ya moyo yapande na presha isimame. Ukianza na 1: 1, 2, 4, 8, 16. Katika dakika 20 umetumia miligramu 31, na huyo ni mgonjwa mmoja, tena si yule mwenye hali mbaya kuliko wote. Ampuli za miligramu 1 zikiwa 10 kwenye trei, dawa itaisha kabla ya dozi ya nne kukamilika, na ufunguo wa stoo uko na mfamasia aliyelala nyumbani.

Dekstrosi, yaani sukari ya kupigwa mshipani. Mtoto aliyezimia apimwe sukari bila kukawia, na ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita apewe dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Tunayoletewa ni ya asilimia 50. Kuichanganya si kazi kubwa: mililita 10 za asilimia 50 na mililita 40 za maji ya sindano, unapata mililita 50 za asilimia 10, dozi ya mtoto wa kilo 10. Hesabu hiyo inapaswa kuandikwa kwa kalamu nzito kwenye kifuniko cha trei. Saa tisa usiku kichwa hakigawanyi vizuri, na dekstrosi ya 50 ikipigwa ilivyo huunguza mshipa wa mtoto.

Asidi ya traneksamiki kwa majeruhi anayevuja damu. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa 2010, ulionyesha kuwa inapunguza vifo. Gramu 1 hutolewa taratibu kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Sharti lake ni muda, kwani baada ya saa 3 tangu ajali haifai tena. Kwetu dawa hii hukaa wodi ya uzazi, na huombwa kwa karatasi.

Kuna na artesunati, adrenalini, diazepamu na kadhalika. Orodha kamili yenye idadi tuliambatisha kwenye barua ya pili. Hatutairudia hapa.

4. Mafunzo yanayomwagwa kwenye pakacha

Hili ndilo linalotuuma zaidi, maana pesa zimetumika.

Kozi nzuri zipo. Kuna ETAT+, kozi ya kupanga, kupima na kutibu wagonjwa wa dharura, ambayo Kenya imekuwa ikiifundisha kwa miaka kwa ajili ya watoto na watoto wachanga. Kuna kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura ya Shirika la Afya Duniani, ya siku 5, iliyotungwa kwa ajili ya hospitali zisizo na wataalamu wa dharura: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kumfunua mgonjwa, kisha majeraha, shida ya kupumua, shoki (damu kushindwa kufika viungoni) na kupoteza fahamu. Hospitali ya Kijabe imekuwa ikiwafunza matabibu kuwa mabingwa wa dharura na wagonjwa mahututi. Hatuna haja ya kubuni kitu.

Tatizo la kwanza ni nani anayepelekwa. Orodha ya semina hutengenezwa ofisini, na posho huwa na mvuto wake. Anayeshika zamu ya usiku hupata habari kupitia picha za WhatsApp. Tatizo la pili ni zamu za kuhamahama. Muuguzi anafunzwa Machi, anahamishiwa kliniki ya macho Juni. Tumehesabu wenyewe: kati ya tuliowahi kufunzwa, waliobaki kasualti hawatoshi zamu moja ya usiku. Madaktari wanagenzi, ambao usiku ndio huwa mbele, hupita kwetu kwa wiki chache na huanza bila hata kuonyeshwa mlango wa chumba cha kufufulia wagonjwa.

Tatizo la tatu ni mafunzo yenyewe yanapotoka mbali bila kupimwa kwa hali zetu. Mgeni huja na picha zake, anafundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono baridi apigwe dripu haraka, mililita 20 kwa kilo. Jambo hili limekwisha kujibiwa hapahapa. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, uliwafuata watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki viungoni ipasavyo. Waliopewa dripu ya haraka walikufa zaidi: 10.5 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 wa wasiopewa. Miaka sita baadaye, katika utafiti wa Zambia, watu wazima wenye sepsisi (maambukizi yaliyouelemea mwili) na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, walipewa utaratibu wa dripu nyingi na dawa za kupandisha presha. Walikufa 48.1 katika 100, na wale waliopewa huduma ya kawaida wakafa 33. Mtoto anayeharisha mpaka akakauka, au anayevuja damu, hilo ni shauri lingine. Yeye dripu anaihitaji. Lakini tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe, na mwalimu asiyeijua asiruhusiwe kusimama mbele ya wanagenzi wetu, hata akija na msaada wa mashine.

Tunachopendekeza hakina hoteli. Mara mbili kwa wiki, zamu zikipokezana, dakika 15, kando ya kitanda kilekile na kwa ambu ileile. Mmoja anasema: "Mwanamke wa miaka 30, amezimia, anakoroma." Wengine wanafanya kweli: nani anafungua njia ya hewa, nani anashika mtungi, stripu ya sukari iko wapi. Tunapima kwa saa. Spana ikikosekana wakati wa zoezi, tumepata faida kubwa kuliko hotuba ya siku nzima. Kuweka mpira wa kutoa hewa au damu kifuani hufanyiwa mazoezi kwa mbavu za mbuzi kutoka buchani. Kupitisha sindano kwenye mfupa wa mtoto ambaye mshipa haupatikani hufanyiwa mazoezi kwa paja la kuku. Ukinzani unapokatika ghafla, mkono huukumbuka. Nyama iliyobaki, wanagenzi wameuliza kama inaruhusiwa kupikwa. Hairuhusiwi.

Na anayefunzwa asihamishwe kabla ya miezi 18. Bila sharti hilo, mengine yote tuliyoandika chini ya namba hii yafuteni.

5. Rufaa

Mtungi mdogo wa ambulensi wenye lita 680, ukitumiwa kwa lita 10 kwa dakika, huisha kwa dakika 68. Kutoka Kisumu hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 100, tena za kupanda. Mgonjwa wa safari ya saa 2 anahitaji lita 1,200, na akiba ya nusu yake kwa ajili ya lori lililozima kilimani: lita 1,800, yaani mitungi mitatu midogo. Ambulensi yetu huondoka na mmoja. Hesabu hii, dakika za safari mara lita kwa dakika ongeza nusu, iandikwe kwenye fomu ya rufaa na isainiwe na dereva na muuguzi kabla ya gari kutoka getini. Hospitali inayopokea ipigiwe simu kwanza. Na muuguzi anayemsindikiza mgonjwa awe na mbadala, kwani kwa sasa akiondoka anaacha kasualti na mtu mmoja.

6. Siku ya ajali kubwa

Barabara yetu haitupi nafasi ya kusema hatukujua. Sachangwan, 31 Januari 2009, lori la petroli liliwaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Londiani, 30 Juni 2023, zaidi ya 50. Chukua mfano wa kuungua peke yake. Mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 ya mwili huhitaji, kwa hesabu ya kawaida ya mililita 4 kwa kilo kwa kila asilimia, mililita 11,200 za dripu ya Hartmann kwa saa 24, nusu yake katika saa 8 za kwanza tangu aungue. Ni chupa zaidi ya 22 za nusu lita. Watu 10 kama huyo ni chupa 224. Stoo yetu ina ngapi leo?

Jambo la pili, lisilofahamika kwa wasiofanya kazi hii: wa kwanza kufika si walioumia zaidi. Ni wale walioweza kutembea hadi kwenye matatu au kupanda boda boda. Huja kwa wingi, hujaza vitanda, na mahututi anayenasuliwa kwenye vyuma hufika nusu saa baadaye akakuta hakuna machela. Dawa yake ni mtu mmoja mwenye mamlaka kusimama getini, kijani wote wakaelekezwa kliniki ya nje, na vitanda vya kasualti vikawekwa kwa ajili ya wekundu. Mpango huo uandikwe kwenye ukurasa mmoja na ufanyiwe zoezi mara mbili kwa mwaka, pamoja na askari wa geti na watu wa mochari.

7. Daftari halina saa

Daftari letu lina safu ya tarehe, halina safu ya saa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia mgonjwa aliyekufa jana alingoja muda gani, na hatujui kama tunaboresha au tunaharibu. Ongezeni safu tatu: saa ya kufika, saa ya kuonwa, saa ya tiba ya kwanza. Kisha kila Alhamisi, kwa dakika 45, tusome vifo vya ndani ya saa 24 bila kutafuta wa kulaumiwa.

Majibu tunayoyategemea

Tutaambiwa bajeti haina nafasi. Namba 1, 4 na 7 hazihitaji ununuzi wa maana, zinahitaji saini. Tutaambiwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa na vifaa, haijaleta. Spana, mnyororo na mpira wa kifuniko haviletwi na KEMSA. Fundi yeyote wa jua kali atavipata au atavichonga. Tutaambiwa kuna Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi chini ya sheria ya bima ya 2023. Tunaifahamu, na tungependa hospitali iitumie. Lakini hazina hulipa huduma iliyotolewa, haifungui mtungi. Tutaambiwa pia kwamba wahudumu ni wavivu. Wapo, kama ilivyo kila ofisi. Safu tatu za saa zitawaonyesha haraka kuliko barua ya onyo.

Tunachoomba, na lini

a) Ndani ya siku 14: muuguzi wa kupanga wagonjwa awekwe mbele ya rekodi saa 24, na waraka utoke kwa makarani wote kwamba nyekundu halipi kwanza.

b) Ndani ya siku 14: ukaguzi wa vifaa kila mwanzo wa zamu, ukisainiwa, pamoja na spana, ambu na mipira ya kufyonzea. Ripoti ibandikwe mahali tunapoiona.

c) Ndani ya siku 30: trei nyekundu ya dawa za dharura yenye idadi tuliyoambatisha, isiyofungiwa stoo usiku, ifungwe kwa utepe wenye namba ili aliyefungua ajulikane.

d) Ndani ya siku 60: waraka wa miezi 18 kwa waliofunzwa, na ratiba ya mazoezi ya kando ya kitanda.

e) Ndani ya siku 90: zoezi la kwanza la ajali kubwa.

Mheshimiwa, tungeomba pia utembelee kasualti mwenyewe. Usije Jumatano asubuhi; siku hiyo sakafu imepigwa deki na mashuka ni mapya. Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tano usiku, bila msafara, na umwombe wa kwanza utakayemkuta zamuni akufungulie mtungi wa oksijeni. Tazama saa yako mpaka utakapofunguka.

Wako katika huduma,

Wauguzi, matabibu na madaktari wa kasualti, magharibi mwa Kenya